Kusoma Menyu: Kiswahili cha Programu Huria na Wasomaji Wake Walioadimika

Tunahakiki riwaya, tunahakiki diwani, siku hizi tunahakiki hadi mistari ya bongofleva. Menyu ya kompyuta hakuna anayeihakiki. Na bado menyu ni maandishi: kuna mtu alikaa akatafsiri, akachagua neno hili akaacha lile, akapatia hapa, akateleza pale. Sisi tunaoishi kwa kuandika tunayatazama maandishi hayo kuanzia asubuhi mpaka macho yanauma, kuliko tunavyomtazama mshairi yeyote. Hebu leo tuyasome.

Kilichonisukuma kuandika sasa ni tarehe. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10, na Windows 11 inadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 pamoja na prosesa ambazo kwa sehemu kubwa zilitoka kuanzia mwishoni mwa 2017. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa huku kwetu ni mitumba, nyingine zina umri wa mtoto wa darasa la tano. Kwa hiyo kwenye vibanda vya mafundi, kutoka Tegeta hadi Bunju B, mazungumzo ni yale yale. Mimi niliyasikia Bunju A. Fundi aliangalia mashine ya jirani yangu akamwambia, "Dada, hii Windows 11 haipandi. Ila nikikupigia ya ujanja itakubali." Jirani akauliza kuhusu Linux, kwa sababu mimi nilishamsumbua nayo. "Linux?" fundi akacheka. "Hiyo ya wanachuo, dada. Utarudi hapa hapa wiki ijayo."

Fundi si mjinga. Anajua kazi yake, na anajua wateja wake kuliko waandishi wa makala za kushawishi watu wahame. Makala hizo karibu zote huanza na bei: hama, huku ni bure. Kwa Bunju hoja hiyo haina mashiko, kwa sababu Windows anayokuwekea fundi naye hakuinunua. Unamlipa elfu kumi au ishirini ya mkono wake, basi. Mtu ambaye hajawahi kulipia leseni maishani huwezi kumwambia "hii ni bure" akashtuka. Atakuuliza tu, bure kama ile niliyonayo?

Hapo ndipo lugha yetu inapofanya kazi ambayo Kiingereza kimeshindwa kuifanya kwa miaka arobaini. Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU mwaka 1983, alichukua neno la Kiingereza ambalo lina maana mbili kwa mpigo: kitu kisicho na bei, na kitu kilicho na uhuru. Tangu siku hiyo yeye na wenzake wamekuwa wakieleza, mkutano kwa mkutano, kwamba wanakusudia uhuru, si bei. Kiswahili hakihitaji maelezo hayo. Tuna "bure" na tuna "huria", na hakuna anayechanganya moja na nyingine. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina ada, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kulalamika kwamba jina limemdanganya.

Lakini "programu huria" ina mzigo wake pia, na sijaona mtafsiri aliyeukiri. Kwa Mtanzania aliyekua miaka ya tisini kama mimi, neno huria lilikuja likiwa limeshikana na soko. Soko huria. Zama za Mzee Ruksa na zile zilizofuata, mitumba, vibanda, viwanda vya umma vikibadilisha wenyewe, kila mtu na lwake. Huria ilikuwa uhuru wa mwenye mtaji kwanza, halafu tuone. Kwa hiyo ukimwambia mzee wa Mabwepande kwamba programu fulani ni huria, anaweza kusikia holela: haina mwenyewe, ikiharibika shauri yako. Kwa upande mmoja neno ni zuri kuliko la Kiingereza, kwa upande mwingine lina harufu ya enzi. Mimi ningelibakiza hivyo hivyo. Harufu hiyo inamlazimisha msemaji aeleze nani yuko huru kufanya nini, na hilo ndilo swali lenyewe.

Sasa turudi kwenye menyu. Mwaka 2004 idara ya sayansi ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na kampuni ya Uswidi iitwayo IT+46 na kusaidiwa na fedha za Sida, ilikuwa kwenye mradi ulioitwa Kilinux. Kazi kubwa iliyotoka humo ni Jambo OpenOffice, yaani kifurushi kizima cha kuandikia, kupigia hesabu na kutengenezea mawasilisho kikiongea Kiswahili. Jina la mradi lilitaja Linux, lakini kifurushi kilipanda kwenye Windows pia, na hilo lilikuwa na maana kubwa kuliko lilivyoonekana: ungeweza kuanza kuhama bila kuhama.

Mwaka huo huo Microsoft nayo ilitangaza kwamba itatoa Windows na Office kwa Kiswahili. Sitaki kusema nani alimwamsha nani. Ninachosema ni kwamba ghafla Kiswahili kilikuwa na tafsiri mbili za kitu kimoja, kutoka nyumba mbili, na wahakiki wetu wa fasihi hawakutia neno. Hebu fikiria ingekuwa tafsiri mbili za tamthilia ya Shakespeare zimetoka ndani ya miaka miwili. Tungegombana mpaka leo.

Acha nianze ugomvi na jina. "Jambo" ni salamu ya mtalii. Mtu wa Dar hakusalimii "jambo", labda anataka kukuuzia kinyago. Kwa programu iliyokusudia kumwambia Mswahili kwamba hiki ni chako, kuanza na Kiswahili cha uwanja wa ndege ni bahati mbaya. Ingawa, ukitulia, jambo ni pia shauri, kitu chenye uzito, kama tunavyosema "hilo nalo jambo". Nashuku waliochagua jina walisikia maana zote mbili wakaridhika na ile inayouzika.

Kazi ya ndani ilikuwa ngumu kuliko jina, na ugumu wake ni wa kifasihi kabisa. Kompyuta inataka kumwambia mtumiaji kwamba kitu fulani kimefutwa. Kwa Kiingereza mtengenezaji programu anaandika sentensi yenye shimo: mahali pa jina pameachwa wazi, halafu linafuata tendo la kufutwa. Programu yenyewe italijaza shimo wakati wa kazi, leo picha, kesho kiungo, keshokutwa ukurasa. Kiingereza hakijali kilichoingia shimoni. Tendo linabaki lile lile. Kiswahili kinajali sana. Picha imefutwa. Kiungo kimefutwa. Jedwali limefutwa. Ukurasa umefutwa. Mtumiaji amefutwa, na hapo umeshapata mwanzo wa hadithi ya kutisha. Mtafsiri anapewa sentensi yenye shimo bila kuambiwa nini kitaingia. Zana ya gettext, ambayo programu nyingi za ukoo wa GNU huitumia kwa tafsiri, inamruhusu atoe umbo la umoja na umbo la wingi. Ngeli haizijui.

Afanyeje? Anaweza kuandika "Imefutwa:" na nukta mbili, halafu jina lije nyuma, kama karani anayesoma orodha. Inafaa, ila ina ukavu wa stakabadhi. Anaweza kugeuza tendo limwelekee mtumiaji: "Umefuta", kisha shimo. Sarufi imepona, maana kiambishi cha nafsi hakisumbuliwi na ngeli ya kitu. Lakini sikiliza sauti yake. "Umefuta." Hiyo ni sauti ya mwalimu wa zamu. Mashine iliyokuwa inatoa taarifa sasa inashtaki. Au aandike "Tumefuta", na hapo anazua msimulizi mpya, akina sisi, ambao msomaji hawajui ni nani na wako wangapi humo ndani. Haya ni maamuzi ya usimulizi, yale yale ambayo mwandishi wa riwaya huyafanya akichagua nafsi ya kwanza au ya tatu, ila huyu anayafanya mara maelfu, akiwa peke yake, kwenye jedwali lenye safu mbili, na hakuna mhakiki atakayemwambia "pale uliweza".

Mashine, kwa njia, haitoi shikamoo. Mtu wa miaka sabini anaambiwa "Futa", "Chagua", "Jaribu tena", amri tupu, kama anaongea na mjukuu aliyekosa adabu. Kuna watafsiri wanaoweka "tafadhali" kila mstari ili kulipunguza hilo, na matokeo yake ni mjukuu yule yule, sasa mnafiki.

Palipopatikana raha ni kwenye neno moja moja. Kiswahili cha kompyuta kina johari ambazo nasikitika hazimo kwenye vitabu vya fasihi. Chukua "tendua", unayoikuta kwenye simu nyingi ukiziweka Kiswahili. Aliyelibuni alisikia funga na fungua, ziba na zibua, fumba na fumbua, akaenda kwenye tenda, neno ambalo halikuwa na kinyume chake kwa sababu duniani ukishatenda umetenda, akalipa kinyume. Tendua. Huwezi kulitumia neno hilo mtaani. Maisha hayana kitufe hicho. Ndani ya kompyuta linakaa kama limezaliwa humo. Au "pakua". Chakula hupakuliwa kutoka chunguni na mzigo hupakuliwa kutoka chomboni, kwa hiyo anayepakua wimbo yuko jikoni na bandarini kwa wakati mmoja. "Kivinjari" kimetokana na kuvinjari, kuzungukazunguka kwa kupeleleza, na kwa kweli ndivyo tunavyofanya tukiwa na bando. "Hariri" ni kazi yangu ya kila siku, na pia ni kitambaa laini. Sina hakika kwamba kazi yangu ni laini. Hata kompyuta mpakato: kupakata ni kumweka mtoto mapajani. Kiingereza kilitaja paja tu. Sisi tulitaja tendo la upendo.

Kuna mawe pia. Ukitaka kumtumia mwenzio picha, simu nyingi zitakuonyesha "Shiriki". Kushiriki ni kuwa sehemu ya jambo: nashiriki harusi, nashiriki mkutano. Picha huishiriki, unaisambaza, unamgawia mtu, au unamshirikisha. Kiambishi kimoja kimeachwa njiani na sentensi ikageuka. Kosa hili si dogo, kwa sababu kitufe chenyewe ni kati ya vile vinavyobonyezwa sana, na nimeshaanza kuwasikia watoto wa mtaani kwetu wakisema "nishiriki hiyo video". Tafsiri mbaya ya riwaya hubaki kabatini. Tafsiri mbaya ya kitufe inaingia midomoni.

Na nani ataisahihisha? Kiini cha Android ni Linux, ile ile iliyoanzishwa na Linus Torvalds kule Helsinki mwaka 1991, kwa hiyo yule fundi anayecheka Linux anaibeba mfukoni. Msimbo wa Android uko wazi. Lakini maneno yake ya Kiswahili yanapangwa ndani ya kampuni, na mimi na wewe hatuna mlango wa kupitia na kalamu nyekundu. Huo ni uhuru wa ajabu kidogo. Mashine ni huria, lugha imefungiwa.

Nikifika hapa naulizwa kila mara kama tafsiri za upande wa huria ni bora zaidi. Hapana. Kwa usafi na kwa ukamilifu, tafsiri za kampuni kubwa mara nyingi zinazishinda, kwa sababu zinalipiwa na zinapitiwa tena. Upande wa huria utakuta menyu inaanza Kiswahili na kumalizia Kiingereza, kama mtangazaji wa redio. Ubuntu, mfumo uliotoka Oktoba 2004 ukiwa umebeba neno la Kibantu ambalo kwetu ni utu, bado unajua Kiswahili nusu nusu. Jina limefika nyumbani, sentensi bado ziko njiani.

Tofauti iko kwenye kinachotokea baada ya miaka. Kwenye Windows, Kiswahili kimeandikishwa kwa muda mrefu kama Kiswahili cha Kenya; alama yake ni sw-KE. OpenOffice iliandikisha cha Tanzania, sw-TZ. Simlaumu yeyote, na ndugu zetu wa Nairobi wasinitafsiri vibaya. Ila mwandishi wa Bunju anayeona pengo kati ya lugha yake na lugha ya menyu, upande mmoja anaweza kulalamika, upande mwingine anaweza kubadilisha. Halafu ukaja mwaka 2010. Oracle iliinunua Sun, kampuni iliyokuwa mlezi wa OpenOffice, na wengi wa waliokuwa wakiijenga hawakuuamini ulezi mpya. Septemba mwaka huo wakachukua msimbo, wakaanzisha The Document Foundation, na kazi ikaendelea kwa jina la LibreOffice. Walipoondoka walibeba na maneno ya kila lugha. Kiswahili cha Tanzania kilichoanza kufanyiwa kazi pale Mlimani kilivuka, kwa sababu leseni iliruhusu kivuke, na ukifungua LibreOffice leo sw-TZ ipo kwenye orodha. Kifurushi cha Kiswahili cha Windows XP kilikuwa mali ya Windows XP, ambayo huduma yake ilikoma Aprili 2014. Kama humo kulikuwa na neno tamu, hakuna aliyeweza kulichukua akalipeleka kwingine bila kubisha hodi kwa mwenye nyumba.

Kwangu mimi hiyo ndiyo hoja ya kuhama. Waliokwenda nayo ni wachache.

Mimi nilihama kwa vipande, na nashauri hivyo. Nikiwa chuo, 2011, nilianza na programu tu ndani ya Windows ile ile: LibreOffice ya kuandikia, Firefox ya kuvinjari, VLC ya sinema. Rafiki alikuwa na sahani za Ubuntu ambazo Canonical, kampuni iliyo nyuma yake, ilizituma bure kwa posta duniani kote tangu 2005 mpaka ilipositisha mpango huo 2011. Nikapata moja, nikawa naifungua kwa kuitazama tu. Baadaye mifumo miwili ilikaa kwenye mashine moja kwa miaka, na kila nikiwasha nachagua. Windows 7 ilipofikia mwisho Januari 2020, nikaweka Linux Mint na sikurudi. Ukihesabu, ni miaka tisa. Anayekuambia uhame wikiendi moja anakuuzia kitu.

Kila hatua ilikuwa na bei yake. Wahariri wengi wa hapa nyumbani wanataka faili la Word, na masahihisho ya pembeni yakipita kutoka programu moja kwenda nyingine mara mbili tatu yanaweza kufika yamechoka. ODF, umbo la faili la upande wa huria, ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006, na ukimwambia hivyo mhariri mwenye kurasa za kufunga usiku huo atakukatia simu. Unamtumia docx. Kuna jambo moja dogo linalonifurahisha hapo: fonti ya Liberation Serif, iliyotolewa 2007, ilichongwa herufi zake ziwe na upana ule ule wa Times New Roman, ili makala ya kurasa kumi ibaki kurasa kumi ikivuka mpaka. Huo nao ni utafsiri, na wa kiungwana sana.

Pigo kubwa kwa mwandishi wa Kiswahili liko kwenye kikagua tahajia. Kwa miaka mingi wengi wetu tumeandika Kiswahili ndani ya programu inayodhani tunaandika Kiingereza kibovu, ukurasa mzima ukiwa na mistari myekundu kama daftari la mwanafunzi aliyefeli. Tumezoea kiasi kwamba hatuoni tena. Kila tarehe 7 Julai, siku ambayo UNESCO iliitangaza 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, nashuku hotuba nyingi tamu kuhusu hadhi ya lugha yetu zinachapwa juu ya mistari hiyo.

Upande wa huria kuna kikagua cha Kiswahili, kwa msingi wa orodha ya maneno iliyoandaliwa na Jason Githeko wa Chuo Kikuu cha Egerton, Kenya. Kumbe Kenya na Tanzania tunaweza kukaa kwenye faili moja. Nakitumia, nakishukuru, na kinashindwa kwa namna inayofundisha. Nomino kinazijua vizuri. Vitenzi vinakitoroka, kwa sababu kitenzi kimoja cha Kiswahili kinaweza kuvaa maelfu ya maumbo, na orodha yoyote itaishiwa. Andika "niliwaambia", pengine kitanyamaza. Andika "tulivyowasimuliana" na kitakugombeza, kwa haki, maana hakuna mtu anayesema hivyo. Andika "atakayewasimulia" na kinaweza kukugombeza vile vile, bila haki. Kinachohitajika ni sheria za uambishaji ziandikwe ili mashine itambue mtiririko wa nafsi, wakati, mrejesho, yambwa na mzizi. Ni kazi ya mwanaisimu zaidi kuliko ya mtaalamu wa kompyuta, na pale Mlimani wanaisimu tunao, na BAKITA ipo tangu 1967.

Hapa nawageukia wasomaji wa kurasa kama hizi, tunaojiita wapenzi wa fasihi. Tafsiri za LibreOffice ziko kwenye jukwaa liitwalo Weblate. Unafungua akaunti, unachagua Kiswahili, unaona safu mbili: hapa Kiingereza, hapa Kiswahili au utupu. Za Ubuntu ziko Launchpad, utaratibu unafanana. Huhitaji kujua msimbo hata mstari mmoja. Unahitaji kujua kwamba kushiriki na kushirikisha si kitu kimoja, na hilo wewe unalijua na vijana wengi wanaotengeneza programu hawalijui. Nimepita kwenye safu hizo usiku mwingi. Nimekutana na utupu mwingi, na nimekutana na maneno mazuri yaliyowekwa na mtu ambaye hakurudi tena. Sikukutana na malenga. Sikukutana na mwalimu wa fasihi. Watu ambao kwenye makundi ya WhatsApp wanaweza kukesha wakibishana "tarakilishi" au "kompyuta" hawapo pale ambapo ubishi wao ungeandikwa na kubaki.

Nasikia jibu: hiyo ni kazi ya bure. Ni kweli, na si kila mtu ana usiku wa kutoa. Mwanahabari wa kujitegemea analipwa kwa makala, umeme ukikatika analipwa giza. Kilinux yenyewe ilitembea wakati fedha za Uswidi zipo. Anayedhani uhuru wa leseni unalisha watafsiri hajawahi kuwa mtafsiri. Ila kumbuka kuwa zahanati nyingi za nchi hii zinapeleka takwimu zake kwenye DHIS2, mfumo huria uliokuzwa kutoka Chuo Kikuu cha Oslo, na Watanzania wamefanya kazi ndani yake kwa miaka na wamelipwa mishahara. Fedha zikitaka kuja zinakuja. Kwa lugha bado hazijataka.

Kwa sasa nina neno moja mkononi. Kile kipengele kinachoonyesha mhariri amekata wapi na ameongeza nini: tafsiri ya haraka ni "Fuatilia mabadiliko", na iko sahihi, ila inanukia polisi. Nilipendekeza "Onyesha masahihisho", kwa sababu chumba cha habari hakina neno jingine. Mhariri anarudisha masahihisho. Rafiki yangu mwalimu wa sekondari huku Bunju amenipinga. Anasema, "Dada, masahihisho mwanafunzi anayafanya baada ya kukosa. Mhariri anaweza kubadilisha sentensi yako na wewe hukukosa kitu." Anataka "Onyesha mapendekezo". Mimi nasema mhariri wa gazeti hapendekezi, anakata. Pendekezo langu liko pale na jina langu, lake liko chini yake, na anayepaswa kuamua kati yetu hajaingia tangu Machi.